Maji ya Mpira Mweusi

Mukantwari hakuwa mtu wa kuona maji yakienda bure. Aliyebeba jerikani kichwani miaka thelathini akipanda njia za milima ya Bugeshi, utamwambiaje akae jikoni asikilize mpira mweusi ukimwaga maji kwenye karo mchana kutwa? Maji yakimwagika hayazoleki; basi yeye akaona heri ayakinge mapema.

Mpira huo ulitoka kwenye chujio jipya chini ya sinki, lenye kibomba chake kidogo cha maji safi pale juu. Bintiye Umuhoza, karani wa ofisi ya serikali ya sekta, alijinyima mengi kulinunua kwa ajili ya mwanawe Cyiza wa miaka minne. Umuhoza alikuwa na meno ya kahawia yenye madoa, kama wengi waliokulia maji ya chemchemi za chini ya volkano, yenye madini ya floridi kwa wingi. Hakucheka bila kubana midomo. Alishaapa kwamba mwanawe atacheka kama watu.

Kwa mwezi mzima, Umuhoza akiwa kazini, bibi alikinga maji ya mpira ule kwa jerikani, akayapikia uji wa Cyiza na kumnywesha. Yametoka kwenye mashine, ni maangavu, yana kosa gani?

Ijumaa fundi Bahizi alikuja kukagua chujio. Alichovya kipimo chake cha chumvi, kidogo kama kalamu, kwenye maji ya kibomba cha chujio: kumi na nane. Akachovya kwenye jerikani: mia tisa.

"Mama, hii mayi mulitoa wapi?"

"Kwa ule mupira mweusi. Si iko ya mashine?"

"Hapana, mama. Mashine inasukuma mayi kwa ngozi moja, matundu yake hata chumvi haipite. Donc, basi, chumvi na floridi inabakia nyuma, na ule mupira njo unaitupa inje. Iko mubaya kupita ya robine, hii bomba ya kawaida. Ni ya kuosha nyumba tu."

Mukantwari aliisukuma jerikani mbali na jiko. Bahizi alimtuliza kwamba mwezi mmoja si miaka, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyejua. Mukantwari angeweza kuyamwaga na kunyamaza. Aliona aibu, tena aliogopa, maana maji yaliyoharibu meno ya Umuhoza pia ni yeye aliyeyateka.

Umuhoza aliporudi, mama alimweleza yote kabla hajaketi, hakuficha hata ule uji.

"Nilikuharibia we, sasa na mutoto."

Hasira ilimpanda Umuhoza, ikampanda kweli. Alitazama jerikani, kisha kikombe cha mama yake mezani.

"Na we mama, ulikuwa unakunywa gani?"

"Ya robine. Ya mashine niliona iko ya bei, nikaachia mutoto."

Umuhoza alichukua glasi, akaiweka chini ya kibomba cha chujio, akasubiri ijae, kisha akampa mama yake.