Mpangaji Mwenye Barua

Wacera alijiapiza kwamba hataishi katika nyumba ambayo farasi wake hawezi kuiingia kwa heshima. Kiapo kizuri, lakini ndicho kilichomfikisha siku ya nne akiwa bado kwa binamu yake Johnson, anayeosha magari Kariobangi, huku usingizi wake wote akiulala kwenye kiti cha nyuma cha Toyota ya mtu.

Farasi mwenyewe alikuwa jike, jina lake Nyaguthii. Kwa Wakikuyu hilo ni jina la mtu asiyetulia mahali pamoja, ingawa huyu alikuwa ametulia Ol Kalou miaka yake yote kumi na minne. Wacera alikuwa mpanda farasi wa shamba moja huko kwa miaka ishirini, mpaka mwenye shamba alipouza ardhi, akaaga watu, na kumwachia Nyaguthii mahali pa kiinua mgongo. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Kisha kampuni moja ya kupamba harusi ikapiga simu kutoka Buruburu. Mabwana harusi wa siku hizi, walisema, wamechoka na magari yenye maua, wanataka kufika kanisani juu ya farasi, na harusi ya kwanza ni Jumamosi, Donholm. Sharti lilikuwa moja tu, farasi na mpandaji wake wakae Eastlands, wapatikane haraka.

Basi wakaja kwa lori la viazi. Kazi ilikuwepo, nyumba ndiyo haikuwepo, na Johnson alikuwa amempa binamu yake mpaka Ijumaa.

"Cuzo, sikufukuzi," Johnson alisema asubuhi ya Alhamisi, akiwa ameshika mpira wa maji. "Lakini customers wanaona farasi imesimama kwa laini, wanadhani ni huduma mpya. Jana mmoja aliniuliza kuosha farasi ni how much."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni bei ya pikapu."

Hayo yangevumilika. Asiyevumilika alikuwa Zedekiah, mwenye machimbo ya mawe kule Njiru. Siku ya kwanza kabisa, Wacera akiwa bado na vumbi la safari machoni, Johnson alimkalisha na mtu huyo, na wakakubaliana kwamba Ijumaa ikifika bila nyumba kupatikana, Zedekiah atamnunua Nyaguthii akavute mawe. Wacera aliitikia kwa kichwa, akidhani siku nne ni nyingi. Tangu hapo Zedekiah alikuja kila asubuhi na kamba begani, akamsalimia kwa adabu, kisha akamzungushia Nyaguthii kamba kifuani kama fundi anayempima mtu suti.

"Sina haraka, dada," alikuwa akisema. "Ijumaa si mbali."

Wacera aliogopa, tena sana. Aliyajua machimbo. Farasi aliyezoea nyasi na kubeba bendera siku za sherehe hangemaliza miezi miwili akivuta mawe, na yeye ndiye angekuwa amempeleka.

Alhamisi hiyo alipiga moyo konde akaenda Pipeline, ambako magorofa yamesongamana mpaka mtu wa huku anaweza kumpokonya wa kule chapati dirishani. Kwa nyumba zote zile, alijiambia, moja haiwezi kukosekana. Keateka, yaani mtunzaji wa jengo alilolipata, mtu wa makamo aitwaye Owen mwenye funguo nyingi kiunoni, alimtazama Nyaguthii kutoka masikio hadi kwato, wala hakuonyesha kushangaa.

"Imebaki keja moja tu, madam. Floor ya sita."

"Lifti ipo?"

"Lift hakuna. Lakini usijali. Sofa ya Mama Tiffany iliingia hapa, ile L-shape, tukaipindua tu kwa kona. Huyu wako hata ana miguu, atajipandisha."

"Na maji?"

"Maji inafika floor ya pili, Jumatano na Jumamosi." Owen akashusha sauti kwa siri. "Kitu moja tu. Landlord hataki paka. Si paka, huyu?"

Wacera alimhakikishia kwamba si paka. Owen akaridhika, akatangulia na tochi, maana ngazi zile ni giza hata saa sita za mchana.

Nyaguthii alipanda mpaka ghorofa ya kwanza bila neno. Pale kwenye kona akalitazama lile giza lililokuwa mbele yake, akasimama, na farasi akisimama kwenye ngazi za Pipeline basi jengo zima limesimama. Hawezi kugeuka, na kurudi kinyumenyume alikuwa hajaamua. Walikaa hapo saa mbili nzima. Wapangaji waliokuwa wakitoka kazini walijibana ukutani wakapita chini ya shingo yake na mifuko yao ya sukumawiki, wakimwambia "samahani" kama mtu na mtu. Mama mmoja aliyekuwa na mtungi kichwani alimwambia Wacera, kwa upole kabisa, kwamba wageni wa floor ya sita huwa wanahamia wikendi, si siku ya kazi. Sukumawiki zilipungua kidogo, lakini hakuna aliyelalamika.

Waliposhuka hatimaye, Owen alihuzunika. "Mchagua jembe si mkulima, madam," alisema. "Hutapata kubwa kuliko hii."

Ijumaa asubuhi Zedekiah alifika mapema, amevaa koti. Johnson hakumtazama binamu yake usoni. Wacera alikuwa akimpiga Nyaguthii brashi ya mwisho, taratibu, ubavu mmoja kisha mwingine, wakati pikapu kuukuu iliposimama na mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akashuka, ili ioshwe kabla ya swala ya Ijumaa. Aliitwa Haji, mwenye nyumba ya zamani ya vyumba kumi kule Majengo, ile ya kizamani yenye ua katikati.

Alipomwona Nyaguthii, Haji aliisahau pikapu. "Huyu anakaa wapi?" aliuliza.

"Hana pa kukaa," Wacera alisema.

"Kwangu kuna stoo ya seremala, ina mlango wa mbao mbili, mpana. Seremala kahama." Haji alikuna kidevu. "Mimi sina neno. Lakini mwenye kitabu cha wapangaji ni mke wangu."

Wakaenda kwa miguu, Haji akiwatangulia na pikapu yake isiyooshwa, mwendo wa maziko. Zedekiah naye aliwafuata nyuma na kamba yake. Siku ilikuwa yake, alisema, na haijaisha.

Mke wa Haji, Bi Muhiba, alikuwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi ya pale, na hapangishi mtu kabla wapangaji hawajakutana uani. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kitabu mapajani, miwani puani. Wapangaji walisimama milangoni mwao.

"Hodi," Wacera alisema.

"Hodi wapi na umeshaingia na ukoo mzima. Karibu, mwanangu. Anayepanga ni nani?"

"Sisi wawili."

"Wawili ni majina mawili." Bi Muhiba akafungua ukurasa. "Huyu mkubwa kwanza."

Jacky, msusi wa chumba cha tatu, alinyoosha mkono. "Mimi sina shida na farasi, Bi Muhiba. Mimi nauliza zamu. Hapa kila mpangaji anafagia ua na kuosha choo siku yake. Huyu atafanyaje? Tusije tukaanza ubaguzi."

Kukawa na mnong'ono. Kwa kweli hilo ndilo lililokuwa limewakaa watu moyoni. Wacera akasema zamu ya farasi ataifanya yeye, na yake pia, na mnong'ono ukatulia.

"Barua ya chifu?" Bi Muhiba aliuliza.

Hapo Wacera alipumua. Barua anayo. Kabla ya kuondoka Ol Kalou aliambiwa mnyama hapandi lori bila karatasi, akaenda kwa karani wa chifu akasema anataka barua ya farasi. Aliipokea ikiwa na muhuri, akaikunja akaitia ndani ya buti, na kwa ule msongo wa viazi hakuifungua kamwe. Alimpa. Bi Muhiba akaisoma kwa sauti.

"Kwa yeyote anayehusika. Namfahamu Nyaguthii tangu azaliwe katika lokesheni yangu. Hajawahi kushtakiwa, halewi, hashiriki fitina, na amebeba bendera siku ya Jamhuri mara sita bila kutuaibisha. Anahamia Nairobi kutafuta riziki. Anaandamana na mwanamke mmoja ambaye habari zake sina. Tafadhali apokewe vizuri."

Bi Muhiba aliikunja ile barua kwa heshima. "Miaka kumi na saba nashika kitabu hiki, sijaona barua nzuri hivi. Huyu kapita. Sasa yako."

"Yangu?" Wacera alisema. "Mimi ndiye mwenye farasi. Nina kitambulisho."

"Kitambulisho kinasema umezaliwa, mwanangu. Barua inasema unajulikana."

Ilimuuma Wacera, na ilimuuma kwa sababu chifu hakusema uongo. Miaka ishirini alilala karibu na mazizi na kununua sukari katika duka la shamba. Barazani kwa chifu hakwenda hata mara moja, maana siku ya baraza palikuwa na farasi mwenye kikohozi, au kwato, au mtoto wa kuzaliwa. Kila Jamhuri chifu alikuja akamsalimia Nyaguthii kwa jina na kumpapasa pua. Mwenye kushika hatamu alikuwa Wacera, lakini nani hutazama mkono ulioshika hatamu?

Zedekiah alikohoa. "Basi mambo yako wazi, mama. Farasi ana nyumba, mwenyewe hana. Farasi hawezi kukaa peke yake. Mimi naweza kumsaidia huyu dada."

"Wewe umepewa nafasi ya kusema?" Bi Muhiba alimuuliza, na Zedekiah akatazama viatu vyake.

Haji alisema polepole, "Mke wangu, si kuna ile ya Keynan?"

Keynan wa chumba cha tisa alikuja bila barua mwaka juzi, akadhaminiwa na mpangaji aliyekuwa nayo. Bi Muhiba alirudi nyuma kurasa kadhaa, akaipata, akasoma kanuni yenyewe kwa kidole. Mpangaji mwenye barua anaweza kumdhamini asiye nayo. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba mpangaji huyo awe na miguu miwili.

"Haya," alisema, akavua miwani akaifuta, kwa kuwa jambo hili alitaka liende sawasawa. Akamgeukia farasi. "Nyaguthii. Huyu mwanamke unamfahamu?"

Jacky aliacha kutafuna ubani wake. Uani wote walimngojea farasi ajibu, na Wacera naye akamngojea, na akashangaa jinsi alivyoliogopa jibu.

Nyaguthii alivuka ua, kwato zikigonga saruji. Alifika akatia pua katika mfuko wa kushoto wa koti la Wacera, ambako siku zote hukaa kipande cha sukari guru. Haikuwepo, siku nne hizi ilikuwa imesahauliwa. Hakukata tamaa. Akalisogeza koti kwa midomo, akapita upande wa pili, akautafuta ule mfuko wa ndani wa kulia ambao hata fundi aliyeushona ameshausahau, na huko akatoa kipande kidogo kilichokaa na nyuzi, akakitafuna taratibu mbele ya kikao.

"Anajua mpaka mfuko wa akiba," Bi Muhiba alisema. "Andika anamfahamu." Alikuwa akijiambia mwenyewe, kwa kuwa mwandishi ni yeye. "Miaka mingapi?"

"Kumi na minne," Wacera alisema huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Ikabaki sahihi ya mdhamini. Haji alileta rangi nyeusi ya viatu, wakampaka Nyaguthii ukwato wa mguu wa mbele, wa kulia, kwa kuwa wa kushoto si adabu, wakaliweka daftari chini juu ya ubao wa kukatia kitambaa. Muhuri ulitoka vizuri sana. Ulifunika mistari mitatu.

"Amenikanyaga mimi," Jacky alisema, akilitafuta jina lake.

"Na wewe mwenye kamba," Bi Muhiba alimwita Zedekiah, "shahidi hatuna. Tia sahihi hapa pembeni."

"Mama, mimi nilikuja kununua farasi."

"Nimekusikia. Hapa, chini ya ukwato."

Zedekiah alitia sahihi. Wako watu wa kuwakatalia, na Bi Muhiba hakuwa mmoja wao. Alipoinua kichwa, kamba yake ilikuwa tayari imefungwa kutoka nguzo ya choo hadi nguzo ya bomba, na kanga mbili mbichi zimeshaanikwa juu yake. Alizitazama kidogo, akaomba maji ya kunywa, akapewa, akaenda zake.

Kitabuni mstari wa kumi na moja unasema Nyaguthii, mpangaji, kutoka Ol Kalou. Wa kumi na mbili unasema Wacera, na penye nafasi ya maelezo pameandikwa, anajulikana kwa Nyaguthii. Haji aliutaka mstari huo usomwe mara ya pili, ukasomwa.

Jumamosi, kabla ya kwenda kumbeba bwana harusi wa Donholm, Wacera aliamka alfajiri akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango. Alifagia ua wote mpaka kizingiti cha mwisho kwa jina la farasi. Kisha akarudi mwanzo, akaufagia tena kwa jina lake.