Watazamaji wa Ndani ya Sanduku

Maganga, manju wa kundi la ngoma la Bagika pale Nyarugusu, hakumwamini mtu yeyote aliyebeba kitu kilichofunikwa. Kwa hiyo Kalisti alipoteremka kwenye lori na kamera yake ndani ya turubai, siku moja kabla ya mashindano ya mavuno ya mwaka 1957, Maganga aliitikia shikamoo yake kwa shingo upande.

"Hicho ni nini?"

Kalisti akaeleza kwa adabu. Ametumwa kupiga sinema ya vijana wakicheza ngoma. Ulaya siku hizi kuna televisheni, sanduku la kioo linalowekwa sebuleni. Kila Jumamosi vijana wa huko wanacheza muziki mjini, na wenzao wanawatazama humo wakiwa wamekaa majumbani. Safari hii wanataka kuwaona na vijana wa huku.

"Wanaotazama ni wangapi?"

"Maelfu, mzee."

"Na wenyewe hawaonekani?"

"Hawaonekani."

Hapo Maganga akaingiwa na baridi. Mashindano yao hayana mwamuzi. Bagika wanacheza upande huu wa uwanja, Bagalu upande ule, kila manju na dawa zake za kuvuta watu, na jioni aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi. Sasa hayo maelfu yasiyoonekana yatasimama upande gani? Jibu alikuwa nalo. Kalisti alifikia kwa Ngassa, manju wa Bagalu! Kwamba Ngassa ndiye pekee aliyekuwa na chumba cha wageni, hilo Maganga hakutaka kulisikia.

Akatoa amri: kamera ikiwaelekea, ngoma zinyamaze, wachezaji wote wageuke.

"Baba, sasa watu watatuona saa ngapi?" akauliza binti yake Limi, mchezaji wake hodari kuliko wote.

"Nyamaza. Utakuja kunishukuru."

Kesho yake Bagika walianza kwa kishindo. Limi alipotikisa mabega, vigelegele vilipaa, na upande wa Ngassa wakabaki watu wa kuokoteza. Kisha Kalisti akaja na kamera. Maganga akainua mkono. Kimya, migongo mitupu. Kalisti akasubiri, akaondoka; ngoma ikaanza upya. Akarudi. Kimya tena. Mara ya nne watu wakaanza kuguna. Waliotembea kutoka Runzewe hawakuja kutazama migongo, bwana. Wakahamia kwa Ngassa mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi.

"Mnaiona dawa ya Ngassa inavyofanya kazi?" Maganga akawaambia wachezaji wake.

Alipogeuka, Limi hayupo. Yuko ng'ambo, katikati ya Bagalu, anacheza mbele ya kamera huku akicheka, na uwanja mzima umemzunguka.

Ngoma ilipokwisha alimvuta kando.

"Ngassa amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Mimi ndiye niliyemwomba nicheze."

"Rudi kwetu, mwanangu."

"Nitarudi, Baba, ukisema tu kwamba nitacheza, hata wakitutazama watu tusiowajua."

Neno moja lingetosha. Maganga alilitafuta, kweli alilitafuta, lakini macho yake yalikwisha kukimbilia alikosimama Ngassa.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Limi akainama, akafungua njuga za Bagika miguuni mwake, akamwekea baba yake mikononi.