Nusu ya Donge la Shaba

Pale makumbusho walimwita Dada Lebo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakuweza kuona kitu kikakaa bila kibandiko. Kopo la sukari la ofisini lilikuwa na kibandiko, ufunguo wa choo ulikuwa na kibandiko, na siku moja mlinzi aliyesinzia baada ya chakula cha mchana aliamka akajikuta amebandikwa shatini: "Mtu na kiti chake. Hali: nzuri." Mkuu wa makumbusho alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini ilipofika kazi yenyewe, ya kuandikisha vitu vya kale vilivyookotwa mashambani, hakuna aliyemtania. Shanga, vigae, vichwa vya mishale, sarafu zilizoliwa na kutu, kila kilichoingia mlangoni kilipitia mikononi mwake. Alikisafisha kwa mswaki laini wa mtoto, akakipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara, akakipiga picha, akakipa namba, akakijazia kadi. Hapo ndipo kilipopata droo ya kulala.

Basi Jumatatu moja asubuhi aliyeingia na beseni lililofunikwa gunia alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Huyu watu walimwita Kimya. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anajibu, lakini neno la ziada hulipati kwake hata umkamue kama nguo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaweka beseni mezani. "Nilikuwa nachimba mfereji, maji ya mvua yasimwingilie Mama chumbani. Jembe likagonga chungu."

"Kikavunjika?"

"Kikavunjika. Ni hivi tu." Akatazama chini, akafuta jasho, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza glasi aliaga akaenda zake. Mfereji ulikuwa unamngoja.

Dada Lebo alipofunua gunia alijisahau kwa muda. Ndani ya beseni mlikuwa na vigae vya chungu chekundu, na kati ya vigae hivyo sarafu za shaba, nyembamba, baadhi zikiwa peke yake na nyingine zimegandana kuwa donge la kijani, mithili ya biskuti zilizolowa zikakauka pamoja. Tangu aajiriwe hakuwahi kupokea sarafu nyingi hivyo kwa mpigo, sembuse kutoka shamba la kwao, mahali alipokuwa akicheza kombolela utotoni, akikanyaga hazina bila kujua.

Alifanya kazi ile kwa raha siku mbili nzima, akiimba kwa sauti ya chini. Siku ya tatu akafika kwenye donge.

Kila alipolisafisha, upande mmoja ulimtia wasiwasi. Shaba iliyolala ardhini miaka mingi hufanya ukoko wa kijani kila pahala, hata pale palipovunjika zamani. Upande huu haukuwa na ukoko. Aliposhika kioo cha kukuzia na kuinamisha taa, aliona shaba inang'aa, nyekundu, safi kama kidonda kibichi. Sarafu moja pembeni ilikuwa imekatika katikati. Alichakura vigae vyote, akakung'uta gunia, akapiga magoti akachungulia chini ya meza. Nusu ya pili haikuwepo.

Donge lile lilikuwa limevunjwa juzi juzi, na kipande chake kimebaki mahali fulani. Au kimeuzwa.

Wiki iliyopita tu Mkuu alikuwa ametangaza ofisini kwamba kuna wanunuzi wanazunguka mashambani na pikipiki, wakiuliza nani ameokota sarafu za zamani. Sheria ilikuwa wazi: anayeleta vyote alivyookota hupewa shukrani na fidia, anayeficha hupelekwa mahakamani. Na kaka yake alivyotazama chini siku ile! "Ni hivi tu." Kwa nini aseme "tu"?

Akavuta kadi ya donge. Penye "hali" paliulizwa kama mvunjiko ni wa zamani au ni mpya. Kalamu ilisimama hewani. Neno moja lilitosha. Akiandika "wa zamani," kadi itaingia kwenye droo, droo itafungwa, na hakuna atakayeifungua mpaka wajukuu wao wazeeke. Alifikiria wifi yake akibaki peke yake na shamba. Alimfikiria Mama. Kisha akaitazama shaba ile nyekundu, nayo ikawa kama inamtazama yeye, akaona haya. Alifunika kalamu, akaenda kugonga mlango wa Mkuu.

"Lile donge limevunjwa hivi karibuni," alisema, amesimama kama mwanafunzi. "Kipande hakipo. Na aliyelileta ni kaka yangu."

Mkuu alikunja gazeti lake polepole.

"Umemuuliza?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Hapo umefanya vizuri, mama. Mwingine angefunika kombe." Akasugua paji la uso. "Basi mimi sijaandika barua kwa polisi wala kwa mtu yeyote. Nenda kamuulize. Lakini ukirudi uniambie ulichokikuta, usiniambie ulichokitamani."

Alifika shambani jua likiwa limepanda. Wifi yake alikuwa akianika nguo, akamlaki kwa vigelegele. "Leo jua limetokea magharibi! Wifi wa ofisini katukumbuka! Karibu, karibu, mbona uso umekunjamana kama shati la mkopo?" Dada Lebo alijaribu kucheka, akashindwa. Akauliza kaka yuko wapi, akaoneshwa mfereji.

Kimya alikuwa ndani ya mfereji mpaka magotini. Alimwangalia dada yake, akaegemea jembe, akangoja.

Safari nzima alikuwa amepanga namna ya kulianza jambo kwa upole, lakini upole wote ulimpotea njiani. "Kaka, lile donge kubwa limekatwa. Nusu haipo. Niambie iko wapi."

"Nilileta nilichokiona."

"Limevunjika juzi, kaka. Linaonekana. Na nasikia kuna watu wa pikipiki wananunua."

Kimya alijifuta tope mikononi. "Mdogo wangu," alisema, "umenijia kama dada au kama serikali?"

Kimya akalaza jembe, akapanda kutoka mferejini, akaondoka kuelekea nyuma ya banda bila kugeuka. Dada Lebo alibaki pale amesimama, viatu vyake vya ofisi vimezama kwenye udongo mbichi. Alijua mtu akiudhika, lakini pia alijua mtu akikimbia swali. Ni lipi kati ya hayo mawili? Alikumbuka mkono wa kaka yake ulivyomshika akivuka barabara kwenda shule, asubuhi baada ya asubuhi, na akatamani angekuwa na kazi nyingine yoyote duniani.

Alijikokota mpaka uani kwa Mama. Mama yao alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anawatupia kuku punje. Macho yalikuwa yameanza kumpunguka, lakini masikio yalikuwa ya mtu wa miaka ishirini.

"Nimewasikia," alisema kabla hajasalimiwa. "Watoto wa kunyonya ziwa moja mnafokeana kwenye shimo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hakuna kitu haina sauti kubwa namna ile."

Kabla hajajibu, Kimya alitokea nyuma ya banda. Mkono mmoja alishika ndoo, mwingine chekecheo la mchanga. Akaitua ndoo miguuni pa dada yake.

"Tangu nirudi kutoka kwako nachekecha," alisema. "Udongo wote uliotoka kwenye lile shimo, kila jioni, mpaka nikakosa mwanga. Nilikuwa nangoja nimalize ndipo nilete."

Ndani ya ndoo, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, palikuwa na vigae vidogo vidogo, shanga tatu za buluu, na sarafu moja iliyojikunja. Vyote vimeoshwa. Hata kipande kisichotosha ukucha alikiokota.

Dada Lebo akachuchumaa. Alitaka kusema kitu, akajikuta anahesabu shanga kwa kidole ili asilie. Mtu mwenye mpango wa kuuza hachekechi kifusi kutafuta shanga. Lakini kipande kikubwa bado hakikuwepo, na alijua Mkuu angemuuliza hilo hilo.

"Nisamehe, kaka. Ila kile kipande kingine, lile jiwe..."

"Sikuliona. Jembe liligonga mara mbili. Giza lilikuwa linaingia. Nilikusanya nilichokiona, nikafunika shimo kwa gunia, nikaingia ndani."

"Jiwe gani mnalitafuta?" Mama akauliza.

"Si jiwe hasa, Mama. Ni sarafu zimegandana. Ukubwa wa ngumi hivi, lina rangi ya kijani."

"Rangi mimi siijui siku hizi. Ni zito?"

"Zito sana kwa ukubwa wake."

Mama akasita, mkono wenye punje umebaki hewani. "Lina upande laini na upande unaokwaruza?"

Kaka na dada wakatazamana.

"Mama!"

"Msinipigie kelele. Jioni ile nilipita kutazama huo mfereji ninaochimbiwa. Nikakanyaga jiwe, nusura nianguke. Nikaliokota, nikasema, ewe, utaniua bure, njoo ufanye kazi. Tangu siku hiyo nguchiro hajaniibia kifaranga hata mmoja."

Akanyoosha fimbo kuelekea banda la kuku. Mlango wa banda ulikuwa wa ubao uliochakaa, usio na komeo, na kilichoufunga kwa chini, kimejaa uchafu wa kuku na manyoya mawili yamenata juu yake, kilikuwa nusu ya pili ya donge la shaba.

Dada Lebo alikaa chini pale pale vumbini, sketi ya kazini na yote. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipojaribu kunyamaza alimtazama kuku mmoja aliyekuwa akidonoa hazina ile kwa dharau, akaanza upya. Wifi yake alikuja mbio na kibanio cha nguo mdomoni. Kimya alisimama amejishika kiuno, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo mwizi ni Mama," wifi alisema.

"Mwizi ni nguchiro," Mama akajibu. "Mimi ni mlinzi. Na hilo jiwe haliondoki hapa kabla sijaletewa jingine. Serikali ichukue chake, na mimi nipewe changu."

Kimya akaleta mawe matatu, mfano wa muuza duka mbele ya mteja msumbufu. Mama akayapima moja moja mkononi, akakataa mawili.

Mchana huo Dada Lebo aliipeleka ile nusu mjini, ameipakata mapajani, imefungwa kwenye khanga ya wifi yake. Mkuu mwenyewe alivuta kiti. Alipozisogeza nusu mbili pamoja, sarafu iliyokatika ikakutana na mwenzake, meno kwa meno, bila nafasi hata ya kupitisha uzi. Mkuu alitoa sauti ndogo ya mtu aliyeonja kitu kitamu.

"Ilikuwa wapi?"

"Imefunga banda la kuku, mzee. Aliyeiweka hapo ni mama yangu, na macho yake hayaoni vizuri. Na kaka amechekecha kifusi chote. Nimekuta hivyo, sijaongeza."

Mkuu akacheka, kisha akawa makini. "Iandike hivyo hivyo basi. Jembe limevunja, banda la kuku limehifadhi." Akasimama, akaongeza akiwa mlangoni, "Na kaka yako mwambie fidia yake ataipata kamili. Mtu aliyechekecha udongo kwa hiari yake mimi nitamwandikia barua, ila ya sifa."

Dada Lebo aliandika kadi ile kwa mkono uliotulia. Penye mvunjiko aliandika "mpya." Penye jina la mpataji nafasi ilikuwa moja, akawabana wawili humo, mama na mwana.

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena shambani pamoja na Mkuu. Mkuu aliukagua mfereji, akapiga picha, akaomba usogezwe hatua chache upande wa pili, pale pabaki kama palivyo mpaka wachimbaji wa makumbusho waje. Kimya aliitikia kwa kichwa. Kuchimba upya, na mawingu yameanza kujikusanya!

Mkuu alipoondoka, Dada Lebo alivua viatu, akakunja visoksi vyake akavitia ndani yake, akaomba jembe la pili.

"Wewe?" kaka yake akauliza.

"Mimi. Nimekuja kama dada."

Kimya akampa jembe lenye mpini mwepesi, akamwonesha pa kuanzia. Kabla ya saa sita malengelenge yalikuwa yameshamtoka viganjani, na wifi yake alimpaka mafuta huku akimtania, "Mkono wa karatasi huo, dada, umekuja kuona dunia!" Walikula wote wanne wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa mfereji mpya, miguu inaning'inia ndani, na Mama akauliza mara mbili kama kuna jembe lililogonga kitu.

"Hapana, Mama," walijibu kwa pamoja. "Udongo mtupu."

"Afadhali," Mama akasema, akaomba aongezewe chakula.