Kichwa cha Mzee Eliona

Jumatano saa mbili asubuhi, Brenda alifungua steshenari yake mjini Moshi, akawasha mashine ya kopi, akaijaza karatasi, kisha akabonyeza kitufe cha kupakua video ya marehemu babu yake. Faili lilikuwa la gigabaiti tatu na nusu. Tovuti iliyolihifadhi ilikuwa ya bure, na watu wa bure iliwapimia kilobaiti hamsini kwa sekunde, hata kama intaneti yao ina mbio kiasi gani. Intaneti ya Brenda ilikuwa na mbio sana. Haikumsaidia kitu.

"Saa ishirini, shangazi," alimwambia Mektrida, dada wa baba yake, aliyekuwa ameshuka kutoka Uru alfajiri. "Hapo sijahesabu za kusubiri. Spidi wameibana makusudi."

Kesho yake saa tatu, wajumbe wa baraza la ardhi wangefika shambani kwa Mektrida kuamua mpaka kati yake na jirani yake Filemon. Filemon alidai mistari mitatu ya migomba, na ndani ya mistari hiyo walizikwa baba na mama yake Mektrida. Alisema aliwaruhusu wazikwe pale kwa ujirani mwema. Ushahidi uliobaki ni video ya Krismasi ya mwaka 2016, ambamo baba huyo, Mzee Eliona, akiwa bado hai, alizunguka shamba akitaja mipaka yake kwa sauti mbele ya kamera ya Nikunj, mpiga picha wa mjini. Diski ya Nikunj ilishakufa. Alichobaki nacho ni linki.

Kufikia asilimia kumi, gambuti za Mzee Eliona zilikuwa zimesimama kando ya mashine ya kopi, zina matope. Adhuhuri mwili wake ulikuwa umepanda hadi magotini, na wateja wakawa wanamzunguka ili wasimkwae.

Jaspreet wa duka la vipuri aliingia kutoa kopi ya leseni. Wakati anasubiri, akapakua kwenye simu yake video ya harusi ya zamani kutoka tovuti ileile. Yeye huilipia, kwa kadi ya mwanawe aliyeko Uingereza. Baada ya dakika mbili marehemu babu yake, Gurdev, alikuwa amesimama dukani mzima mzima, kilemba kimefungwa vizuri, akiulizia chai. Jaspreet akaona si vizuri kuondoka hivihivi. Akaingiza namba za kadi hiyo kwenye kompyuta ya Brenda. Ukurasa ukajibu: Faili lililoanzwa bure litamalizwa bure.

"Pole sana, mama," Jaspreet alisema, na alisikitika kweli. Kisha akampeleka babu yake chai.

Saa nane kasoro, gigabaiti ya kwanza iliisha na ukurasa ukaandika: Subiri dakika 120. Mektrida alivumilia tano. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa jani la sale, mmea unaopandwa kuwa alama ya mpaka, alilolichuma asubuhi kwenye mpaka wenyewe, asijue atamwangukia nani. Akalifunga fundo, akaliweka juu ya kibodi kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, ukiletewa sale umeombwa kwa heshima zote, na kulikataa ni aibu ya ukoo.

Saa ya kwenye skrini ikasimama. Kikatokea kisanduku: Tumepokea jani lako. Tunathamini uvumilivu wako. Halafu saa ikaendelea palepale ilipokuwa imeishia.

"Hawa ni watu wa wapi?" Mektrida aliuliza.

"Hawasemi, shangazi."

Alhamisi saa mbili asubuhi walikuwa asilimia tisini. Mzee Eliona alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kola ya shati imefungwa kifungo, na juu ya kola hapakuwa na kitu. Mektrida hakuweza kungoja tena. Alimwacha Brenda na kompyuta, akampakia baba yake kwenye bodaboda. Dereva hakudai helmeti.

Shambani, Filemon alikuja kuwapokea. Alimshika mzee mkono kumvusha mfongo, mfereji wa kumwagilia migomba, maana siku hiyo maji yalikuwa mengi. Wajumbe wakasimama. Mzee Eliona alipita katikati ya migomba bila kupapasa, akafika kwenye sale la mpakani, akaushika mti wake kwa mkono wa kulia. Hakuuachia.

Hellen, mwenyekiti wa baraza, aliandika kwa muda.

"Mkono tumeuona," alisema. "Ila utaratibu unataka shahidi atamke."

Mektrida akampigia Brenda. Ukurasa ulikuwa umeandika: Umefikia kikomo cha leo. Rudi kesho. Mektrida alitamani kulia, lakini hasira ilimzidi, akabaki ameishika simu tu. Baraza likampa Filemon mistari mitatu. Jioni hiyohiyo aling'oa sale, akavuta seng'enge kuyazunguka makaburi.

Kichwa kilifika Ijumaa saa tano, kikiwa na kofia yake ya sufu. Mzee Eliona alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliweka mundu chini, akaruka seng'enge, akasimama juu ya shimo lilipong'olewa sale.

"Mpaka wangu ni hili sale," alisema. "Mama yenu yuko huku ndani, na mimi mtanilaza papo hapo."

Hellen aliitwa. Alimsikiliza mara mbili, akakiri kwamba ushahidi ulikuwa safi kabisa. Lakini hukumu ilishapigwa muhuri.

Tangu hapo mzee husimama pale kila jioni na kuyasema maneno yake, na sauti yake haikwami hata kidogo. Filemon hupita na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba unipishe kidogo, nipite kwangu."

Na Mzee Eliona, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumnyima jirani njia, humpisha.