Madirisha ya Newtown

Concilie alisomea usanifu wa majengo Bujumbura, akachora shule mbili na zahanati, kisha vurugu zikamkimbiza hadi Joubert Park, Johannesburg, akawa anashona magauni ya harusi dukani kwa Jocelyne. Hakununa. Gauni nalo ni jengo, alijiambia, ila hili linacheza muziki.

Siku moja Mchungaji Ezéchiel, Mkongo mwenye sauti nene, alikuja dukani kuchukua joho aliloshonewa, akiwa hana raha. Kanisa lake lilikuwa ghala la kukodi kule Newtown, lenye giza mchana kweupe, na safu ya nguzo iliyolikata katikati.

"Walioko nyuma ya nguzo wananisikia lakini hawanioni," alilalamika. "Kina mama sasa wanagombania viti. Natafuta mafundi."

"Mafundi unatafuta wa nini? Msanifu si huyu hapa!" Jocelyne akaropoka.

Concilie alikwenda ghalani, akazunguka, akagonga kuta. Ukuta wa kaskazini, upande jua linakopita huku kusini mwa dunia, ulitoa mlio wa uwazi: madirisha marefu yalikuwa yamezibwa kwa matofali.

"Baba Mchungaji, geuza viti vitazame ukuta wa kusini. Nguzo hazitamkinga mtu tena, na kando yake itapita njia ya maharusi. Na haya madirisha tuyafungue, boriti zake bado nzima. Ila mwambie kwanza mwenye jengo."

"Sharp, mama," Mchungaji akakubali.

Lakini hakumwambia mwenye jengo. Waumini walikuja na nyundo wakiimba, na Jumapili jua likaingia mpaka kwenye mimbari.

Jumatatu, Concilie akiwa kanisani, akaingia Ahmad, mwenye jengo, muuza vitambaa wa Fordsburg aliyezaliwa Tanga.

"Nani kabomoa ukuta wangu?"

Mchungaji ghafla akawa na shughuli nyingi na Biblia yake.

"Ni mimi, baba," alisema Concilie. "Nilidhani umeambiwa."

Ahmad aliinua macho, akayahesabu madirisha moja moja. Kisha akacheka. "Eish! Jengo langu, na sikujua lina madirisha! Nina ghorofa mbili Fordsburg, giza tupu. Utazitazama?"

Alizitazama. Ahmad akampeleka kwa msanifu aliyesajiliwa, wakachora pamoja, na Concilie akaanza kusomea mitihani ya usajili ya hapa.

"Na magauni yangu?" Jocelyne aliuliza, machozi na kicheko vikigongana.

"Jumamosi nitakuja, dada. Lakini usinipe yenye mkia mrefu."