Hesabu ya Siku Zilizobaki

Mwalimu Ghalib hakuwa mtu wa kukupa tarehe kama watu wengine. Alisomesha Unguja mpaka mambo ya sitini na nne yakamtoa, akaishia Jeddah na sanduku la nguo na sanduku la vitabu, na Kilatini ndicho kilichokuwa kiburi chake. Basi Vuai alipopeleka posa kwa Badriya, binti yake wa pekee, jibu lilimfika Riyadh kwa barua: njoo siku ya tatu kabla ya Kalendae za Aprili, nikutazame. Asiyeweza kusoma siku, hana haja ya mwanangu.

Jamani! Mtu yuko zake Al-Sulay anapokea saruji, mji mzima unajengwa kwa pesa za mafuta, leo aulizwe habari za Warumi. Na kafili, tajiri aliyemdhamini kazini, alikubali kumwandikia ruhusa ya kwenda Jeddah siku moja tu, tarehe iwekwe kabisa kwenye karatasi. Akikosea, Badriya ndiyo kwaheri.

Akamwendea Ezekieli, Mkenya, mwenzake wa stoo, aliyeacha seminari mwaka wa mwisho. Ezekieli alicheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. Warumi, alimwambia, hawakuhesabu siku zilizopita, walihesabu zilizobaki. Mwezi wao ulikuwa na vituo vitatu: Kalendae, ndiyo tarehe mosi, Nonae, ya tano au ya saba, na Idus, ya kumi na tatu au ya kumi na tano. Siku nyingine zote zilitajwa kwa umbali wake na kituo kinachokuja, na kituo chenyewe nacho kilihesabiwa. Akamkunja vidole kimoja kimoja: mosi Aprili, thelathini na moja Machi, thelathini Machi.

"Ni thelathini," alisema. "Hii hesabu nilichapiwa, siwezi kuisahau."

Basi la kutoka Batha, Riyadh, lilimfikisha Vuai Jeddah asubuhi ya tarehe thelathini, kanzu imepigwa pasi kwa kukaliwa. Mwalimu Ghalib alimfungulia mlango uso umemkunjamana. Siku ilikuwa jana, alisema. Biriani lilipikwa jana, majirani waliitwa jana, na mwenye posa hakuonekana.

Vuai mfukoni alikuwa na karatasi ya Ezekieli, hesabu yote imo. Angeitoa tu, mzee angeumbuka papo hapo. Mkono ukauendea mfuko. Lakini utamuumbuaje mkwe mlangoni kwake, tena kwa kitu alichobaki nacho cha kujivunia? Akaurudisha mkono, na roho inamuuma kwamba Badriya ndiyo anamkosa hivyo.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema. "Nimechelewa."

Ndipo sauti ya Badriya ikatoka nyuma ya pazia.

"Hajachelewa, baba. Mwaka ule mama alifariki Jumatano, matanga tukaanua Ijumaa, ukasema siku tatu zimetimia. Na kitabu chako kinasema Warumi walihesabu vivyo hivyo. Nilikisoma jana ulipokuwa umenuna."

Mzee akauliza kwa nini hakusema jana hiyo hiyo.

"Nilitaka kwanza nimsikie yeye atasemaje."

Mwalimu aliingia ndani, akafungua kitabu, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Aliporudi alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Akamshika Vuai mkono, akamkaribisha, akamtaka radhi: biriani limekwisha, kuna chai na kiporo cha wali. Vuai alikula kiporo kile kwa raha ya bwana harusi.

Ilipofika kutaja siku ya ndoa, Mwalimu hakukoma: siku ya tano kabla ya Idus za Mei. Vuai akatoa kalenda yake ndogo, akamwomba kwa adabu aitie alama mwenyewe. Mzee akazungushia kumi na moja Mei. Lakini kalamu hakuirudisha. Alianza kugusa siku moja moja, kuanzia ile ya leo mpaka ile ya ndoa, midomo ikimchezacheza.

"Arubaini na tatu," alisema, na macho yamemlowa. "Kwa hesabu yangu ya jana ndoa ingekuwa kumi Mei, siku arubaini na mbili. Nimepata siku moja zaidi na mwanangu."