Kifaransa cha Wanjohi

Kwa miaka yote ya ndoa yao, Jepchirchir alijua mumewe ana lugha tatu: Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana, katikati ya jiji la Houston, aliposikia Kifaransa kikimtoka Wanjohi kama maji ya bomba, kwanza aligeuka kutazama meza ya nyuma.

Walikuwa kwenye mkahawa mkongwe wa Kifaransa, wenye viti vya ngozi nyekundu na vioo vilivyofifia pembeni. Walikuja kusherehekea kupandishwa cheo kwa Jepchirchir hospitalini. Menyu haikumwambia kitu, akaonyesha kwa kidole jina lililompendeza. Hapo ndipo Wanjohi alipomrukia mhudumu kwa Kifaransa: hiyo ni nyama mbichi, mke wangu hataiweza, mletee kuku.

Mhudumu, Mkongo mmoja aliyeitwa Heritier, alifurahi sana. "Papa," akasema kwa Kiswahili, "hii Kifaransa yako ni ya Goma kabisa."

Akaenda zake jikoni. Wanjohi akabaki anakunja kitambaa cha meza na kukikunjua.

"Goma ulienda lini?" Jepchirchir akauliza.

"Niliishi huko." Hakuinua macho. "Nilikuwa na bibi, Chep. Na mtoto."

Akamweleza kwa sauti ya chini. Kabla hawajajuana alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na safari za Goma zilimkutanisha na Josiane, muuza vitenge. Akaoa, akahamia. Volkano ilipolipuka mwaka 2002, yeye alikuwa njiani na mzigo. Aliporudi, mtaa wao ulikuwa mwamba mweusi unaofuka moshi. Aliwatafuta kambi hadi kambi, mpaka jirani aliyewaona mara ya mwisho akamwambia aache. Akarudi kwao Nyeri, na Kifaransa asikiguse tena.

"Mtoto aliitwa nani?"

Wanjohi akakikunja tena kitambaa, na Jepchirchir akalijua jibu kabla halijatamkwa. Binti yao wa pekee anaitwa Madeleine. Wanjohi ndiye aliyeling'ang'ania jina hilo, akidai ni la mtawa aliyemfundisha shule.

"Mado," akasema hatimaye. "Kule Goma, Madeleine wote huitwa Mado."

Kazini Jepchirchir alikuwa amewapa watu wengi habari za vifo, na kila mara alijua aseme nini. Sasa alikuwa na swali tu: mama mkwe alijua? Wanjohi akaitikia kwa kichwa. Hilo likamchoma kuliko yote, maana alimkumbuka mama yule akimpakata Madeleine kwa mara ya kwanza, analia, naye akidhani ni machozi ya furaha.

Kuku akaletwa. Hakuna aliyemgusa. Jepchirchir akainuka, akachukua funguo za gari mezani, na Wanjohi akamtazama kama mtu anayeachwa.

"Twende," akamwambia. "Nita-drive mimi."

Barabara kuu ya kuelekea nyumbani kwao, Katy, ilikuwa imejaa magari. Hasira Jepchirchir alikuwa nayo, tena nyingi, ila kulikuwa na jambo lililotangulia.

"Huyo Mado wa kwanza," akasema, macho barabarani, "alikuwa mtoto wa aina gani?"

Wanjohi akaanza kusimulia, akikwama, akiendelea, Kifaransa kikichomoza hapa na pale. Walipofika exit yao, njia ya kutokea kwenda nyumbani, alikuwa hajamaliza. Jepchirchir akaipita, akaendelea kuendesha.